Asante Iliyochelewa

Kuna watu ambao hasira yao ina mlango, na wakiufungua nyumba nzima hupata hewa. Bi Nyundo alikuwa mmoja wao, mpaka mlango wake ulipozibwa.

Alikuwa mnadi. Katika ua wa kampuni ya minada alipanda juu ya sanduku la mbao, nyundo mkononi, akawauzia wanunuzi wakorofi viti vya ofisi visivyotimiza miguu, na wakaondoka navyo wakicheka. "Mara ya kwanza! Wewe mwenye kofia, unapandisha bei au unajikuna? Mara ya pili! Shemeji, mkono huo umeuinua kwa ajili yangu au unaanika kwapa?" Kisha nyundo, ko! Mali imekwenda. Hakuna aliyewahi kumzidi kwa maneno, na nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Mtu akianza sentensi, yeye aliimaliza, tena kwa namna yake.

Kisha koo likaugua, na ili kuokoa uhai madaktari wakakitoa kisanduku cha sauti. Akawa anapumua kwa tundu dogo shingoni, alilolifunika kwa kitambaa, na akifungua mdomo hakitoki kitu ila upepo. Uhai ulibaki, akili ilibaki, na ukali nao ulibaki haujapungua hata chembe. Lakini ndivyo walimwengu walivyo. Wakiona sauti ya mtu imeondoka, huamini kwamba akili nayo imefungasha virago ikaifuata.

Alianza kwa karatasi. Karatasi haina sauti. Ukimwonyesha mtu, anakwambia ataisoma baadaye, au anaisoma nusu kisha anajibu anachotaka yeye. Ndipo Bi Nyundo alipokumbuka kilaptopu chake, kidogo kama kitabu cha shule, alichokipata mnadani baada ya kukinadi mara tatu pasipo mtu kuinua mkono. Mwanawe akakiwekea programu ya kusema yale yanayoandikwa, na ili kumrahisishia mama akapanga vitufe vyenye maneno yaliyokwisha tayarishwa: Nina njaa. Nimechoka. Nataka kulala. Asanteni sana, Mungu awabariki. Mwanamke aliyekuwa akitawala ua mzima kwa ulimi akapewa maneno ya mgonjwa mpole. Kati ya vitufe vyote hivyo, hakuna kilichosema hapana.

Isitoshe, kilaptopu chenyewe kilikuwa hoi. Mfumo uliokuwa ndani yake ulikuwa mzito kuliko mwili wake, kama mtoto wa punda aliyetwishwa magunia ya baba yake. Bi Nyundo aliandika, akangoja, akangoja tena, na jibu lilipotoka watu walikwisha hamia habari nyingine. Wengine walimchungulia begani, wakasoma herufi mbili za mwanzo, wakamjibia. Yeye aliyekuwa akimaliza sentensi za watu, sasa alimaliziwa zake. Hasira ikawa inampanda na kushuka mwilini kama maji ya moto yasiyo na bomba la kutokea.

Jumapili moja kaka yake mkubwa akaitisha kikao cha familia sebuleni kwa Bi Nyundo, bila kumwuliza mwenye sebule. Kaka huyu alikuwa msimamizi wa ghala aliyestaafu, mtu aliyezoea kuamua kila kitu kikae rafu gani. Mkewe akamletea Bi Nyundo chai. Bi Nyundo akabonyeza kitufe cha asante, kwa adabu tu, na kilaptopu kikaganda. Kiduara kikawa kinazunguka kwenye kioo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Ndugu zangu," kaka akasema, "dada yetu hawezi tena kukaa peke yake. Atahamia kwangu, chumba cha nyuma kipo. Humu tutaweka wapangaji. Jumamosi naleta gari la mizigo. Dada, unasemaje?"

Bi Nyundo akaandika SITAKI. Akabonyeza kwa nguvu hadi meza ikatikisika. Hakuna herufi hata moja iliyotokea. Watu wote wakamtazama kwa huruma. Ndipo kilaptopu kikazinduka, kikasema kwa sauti tamu:

"Asanteni sana, Mungu awabariki."

Makofi yakalipuka. Wifi yake akapangusa machozi kwa ncha ya kitenge. Bi Nyundo akatikisa kichwa, akapiga meza kwa kiganja.

"Ameguswa," kaka akasema. "Mwacheni, ni furaha hiyo."

Bi Nyundo akanyakua kalamu, akaandika neno lile lile kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akamsukumia aliyekuwa karibu, ambaye ni wifi yake. Wifi akalisoma.

"Basi, wifi yangu, usikasirike," akasema, akachukua kikombe cha chai akakirudisha jikoni.

Mwanawe aliona sawasawa, lakini akageuza macho akatazama sakafu. "Mjomba anajua zaidi," alisema baadaye mlangoni, akavaa viatu.

Na hapa pasemwe wazi, maana mambo ya namna hii watu huyafunika kwa neno huruma. Wema usiomwuliza mwenyewe ni dhuluma iliyooga ikapaka mafuta. Kaka hakuwa mwizi. Alimpenda dada yake. Lakini alimpenda kama mtu anavyopenda kabati la urithi: lifutwe vumbi, lisiguswe na mvua, na lisiulizwe linataka kukaa wapi.

Wageni walipotoka, Bi Nyundo aliichukua nyundo yake ya mnada kutoka kabatini, akaiinua juu ya kilaptopu. Mkono ukadakwa. Alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyebaki nyuma kuosha vikombe.

"Usikipige, mama. Kosa si lake. Kimebebeshwa mzigo usio wake."

Mkwe huyu alifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Alikuwa mtu wa maneno machache na ya polepole, aliyeanza kila jambo kwa kumeza mate, na kwa miaka yote ya ndoa yake Bi Nyundo alimwona baridi kama uji wa jana.

"Kazini tuna kompyuta kongwe kuliko hii," mkwe akasema. "Tumeziondolea mfumo wa zamani, tukaweka mfumo mwingine, Linux, ule mwepesi wa mashine ndogo. Zinafanya kazi kutwa. Ukiniruhusu..."

Bi Nyundo akaitikia kwa kichwa kabla hajamaliza.

Mkwe akaja katikati ya wiki na flashi yenye mfumo mpya. Akakizima kilaptopu, akachomeka flashi, akawasha huku akigonga kitufe cha kuchagua kianzie wapi. Kioo kikawa cheusi, kikaandika mstari mmoja wa kukataa, kikanyamaza.

"Nimebeba isiyo yake," mkwe akasema, akameza mate. "Hii ni ya mashine mpya. Yeye prosesa yake, yaani ubongo, ni ya zamani, anataka toleo la rika lake. Nitarudi kesho."

Bi Nyundo alimtazama kwa macho ambayo zamani yangefuatwa na tusi la heshima. Jumamosi ilikuwa inakuja, na kaka alikwisha tuma maboksi matupu ya kufungia vyombo. Yalirundikwa ukumbini. Kila alipopita, Bi Nyundo aliyapiga teke.

Siku ya pili yake flashi ilikubali. Mfumo ukaamka ukiwa bado ndani ya flashi, haujagusa chochote. Mkwe akafungua ukurasa mtupu, akamsogezea. Bi Nyundo akapiga herufi, na herufi ikawepo. Akapiga nyingine, ikawepo. Akaandika haraka kama alivyokuwa akinadi, na maneno yakamfuata vidole bila kukosa hata hatua. Machozi yakamlenga. Hayakuwa machozi ya furaha. Alikasirika kwamba muda wote ule ameitwa mzito wakati mzito alikuwa mwingine.

"Sasa tukiweke ndani kabisa," mkwe akasema. Kioo kikauliza kama diski yote ifutwe. "Hapa, mama, kila kilichomo kitapotea. Yale maneno ya vitufe, na pia..."

Maneno ya vitufe! Bi Nyundo hakungoja. Mkono wake ukaruka, akabonyeza ndiyo, na kilipouliza mara ya pili kama ana hakika, akabonyeza tena. Mstari mwembamba ukaanza kujaa. Akaegemea kiti akapumua kama mtu aliyetema mfupa.

Mkwe alikuwa bado ameacha mdomo wazi.

"Sikumaliza, mama," akasema taratibu. "Nilitaka kusema, na pia ile sauti yako. Ile aliyoirekodi mume wangu mnadani, kabla hujaugua. Ilikuwa humo. Simu aliyoirekodia aliipoteza. Nilikuwa nataka kuitoa kwanza."

Bi Nyundo akaukamata mkono wa mkwe, akaonyesha kioo: zuia, rudisha!

"Hairudi. Diski imekwisha anza kuandikwa upya."

Bi Nyundo hakuwahi kuisikiliza rekodi ile tangu atoke hospitali. Hakuwa na moyo huo. Lakini kujua ipo ni jambo moja, na kujua haipo ni jambo jingine. Sauti yake ilichukuliwa mara ya kwanza na kisu cha daktari. Mara ya pili aliifuta kwa kidole chake mwenyewe. Alitaka kupiga kelele, na upepo ukapita kwenye tundu la shingo. Alitaka kujibu, na kilaptopu kilikuwa kitupu. Hakuwa na kitu cha kusemea. Ilimbidi akae.

Ndipo yule baridi kama uji wa jana naye akachemka.

"Mwaka jana, ulipotoka tu hospitali, nilikuja kukwambia habari ya mfumo huu. Nikasema, mama, kazini kwetu. Ukanipungia mkono nikakate vitunguu. Nikaja tena. Ukabonyeza kitufe, nimechoka. Nimeolewa kwenye nyumba hii na sijawahi kufika mwisho wa sentensi mbele yako. Jumapili walipokupigia makofi, nilisema mimi, jamani, mama amekataa. Umenisikia? Hakuna aliyenisikia. Nyumba nzima imejifunza kwako kutonisikia."

Mstari ulifika mwisho. Mkwe akapangusa uso, akaweka programu ya kusema, akachagua lugha, kwa maana mwanzo ilisoma maneno kama mtalii aliyepotea. Akamsogezea mama mkwe.

Bi Nyundo akaandika. Papo hapo ikatoka sauti nene ya mtu aliyebanwa pua:

"Huyu mwanamume ni nani?"

"Ndiye wewe, mama," mkwe akasema, na kicheko kikamtoroka.

"Mwambie akaze mwendo. Ananadi au anazika?"

Mkwe akaongeza kasi. Bi Nyundo akaandika tena, safari hii kwa kidole kimoja:

"Miaka yote hii ulikuwa na neno jingine hukulimaliza. La nini?"

Kisha akaondoa mikono yote kwenye kilaptopu, akaiweka mapajani, akangoja hadi mwisho. Lilikuwa neno refu, nalo ni la kwao wawili.

Jumamosi asubuhi gari likaja. Kaka akashuka na wapagazi, wifi nyuma yake na shuka za kufunikia viti, na mwanawe mwisho. Wapagazi wakaanza na kabati. Bi Nyundo alikuwa ameketi barazani, meza mbele, kilaptopu juu ya meza, nyundo kando.

"Dada, umeamka vizuri? Simama basi, tusicheleweshe vijana."

"Rudisheni kabati langu," ile sauti nene ikasema kabla kaka hajafunga mdomo. Wapagazi wakasimama walipo, kabati hewani.

"Nani huyo?" wifi akauliza, akatazama nyuma.

"Ni mimi, wifi. Chai yangu ya Jumapili ungeniachia tu, nilikuwa na kiu."

Kaka akacheka kidogo. "Haya, mashine mpya. Vizuri. Lakini dada, tulikubaliana, mambo ya..."

Nyundo ikapiga meza, ko! Ndege wakaruka kwenye paa.

"Mara ya kwanza. Nyumba hii ninalala mimi, na nitalala mimi. Mara ya pili. Nimetolewa koo, sikutolewa kichwa. Atakayetaka kujua ninachotaka aniulize, kisha angoje." Vidole vikasimama kidogo, kisha vikaendelea. "Mwenye neno aseme sasa. Namsikiliza hadi mwisho."

Akaondoa mikono kwenye kilaptopu. Aliyekuwa akipanga ghala zima hakujua aanzie rafu gani.

"Lakini... wewe mwenyewe ulisema asante. Wote tulisikia. Ulitubariki!"

"Niliishukuru chai."

Mpagazi mmoja akacheka hadi kabati likayumba. Kaka akamgeukia mpwa wake amsaidie, na mpwa akatazama sakafu kama kawaida yake. Aliyejibu ni mkwe.

"Mjomba, mama alikataa siku ile ile," akasema, akameza mate, na watu wote, kwa kuwa nyundo ilikuwa imeinuliwa juu, wakamngoja. "Alikataa mara tatu. Nilikuwepo. Nilisema, na hamkunisikia. Gari lirudi."

Nyundo ikashuka. Ko!

Gari likarudi tupu, na kaka mbele na uso uliofungwa kama duka la siku ya msiba. Bi Nyundo hakuaga. Hasira haikumwisha, ilikuwa ya haki, na hasira ya haki haidaiwi kwisha upesi.

Mwanawe alibaki barazani akizungusha funguo mkononi.

"Mama, naona vile vitufe vimefutika. Nikuwekee tena? Itakuwa rahisi kwa..."

"Hapana," kilaptopu kikasema, na mwanawe alikuwa bado hajamaliza kuuliza. Bi Nyundo akamtazama, akaonyesha kiti, akaandika upya. "Samahani. Maliza kwanza. Kisha nitakwambia hapana."

Mwana akakaa.