Teksi Haisimami Usiposema

Mama aliposafiri kwenda Dubai kununua bidhaa za duka, safari yake ya kwanza ya ndege, mimi sikuiogopa ndege. Niliogopa kurudi mjini peke yangu. Gari la jirani lililotuleta Entebbe lilikuwa na safari nyingine, na mdogo wangu wa chekechea, kule Old Kampala, hutoka saa tisa. Siku hiyo hakukuwa na mtu mwingine wa kumchukua.

Mdogo wangu ana tabia moja. Asipoona mtu wake getini, anatoka mwenyewe kumtafuta. Muhula uliopita muuza viatu alimkuta katikati ya barabara, pikipiki zinampita huku na huku, na yeye anaita Mama.

"Usichelewe," Mama aliniambia mlangoni pa uwanja wa ndege, akivuta mabegi. "Na kwenye teksi useme, mwanangu. Usikae tu kama mzigo."

Alinijua. Teksi zetu za Kampala ni zile gari ndogo za abiria, na hazina kengele. Ukitaka kushuka unasema kwa sauti, kwa Kiganda, "maaso awo", yaani hapo mbele. Mimi sauti haitoki. Nilizoea kusubiri mtu mwingine aseme, nashuka naye, halafu narudi kwa miguu. Siku moja nilipitilizwa hivyo hivyo mpaka Nakawa.

Tena sisi ni Wakenya. Kiganda nakielewa chote, lakini nikifungua mdomo watu wanageuka kunitazama. Kiswahili cha nyumbani nacho si cha kuongea ovyo ndani ya teksi. Hapa Uganda ni lugha ya jeshi na polisi; watu wazima wakikisikia ghafla wanawaza askari, kizuizi, toa kitambulisho.

Teksi haziingii uwanjani, kwa hiyo nilitembea mpaka stendi ya Kitooro. Nikakuta moja imejaa, siti moja tu imebaki nyuma. Nikashukuru, nikaingia. Kumbe nusu ya abiria walikuwa vijana wa stendi, wanakalishwa mle ili gari lionekane linaondoka. Kila abiria wa kweli akiingia, kijana mmoja anashuka akijinyoosha.

"Tunaondoka sasa hivi, nyabo," konda aliniambia kila nilipochungulia dirishani. Nyabo, yaani bibi kwa Kiganda, ndiye mimi, na sare yangu ya shule.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye ndoo ya samaki wa kukaanga, ameifunika gazeti. Alimwambia konda, "Hiyo sasa hivi yako imeanza asubuhi. Samaki wangu watafufuka."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia jua.

Tulipoondoka mwishowe, dereva alikimbia vizuri mpaka Kibuye, kisha foleni ikatushika. Hakuna kilichosogea isipokuwa pikipiki. Nilianza kumwona mdogo wangu kichwani: mkoba wake mgongoni, anachungulia getini, anahesabu akina mama wa wenzake wanavyopungua. Askari wa shule ni mzee mpole, lakini geti ni kubwa na macho yake ni mawili. Jasho lilinitoka viganjani nikalifuta kwenye sketi.

Mpango wangu ulikuwa kushuka mbele kidogo, kwenye njia inayopanda Mengo, nikimbie kwa miguu mpaka Old Kampala. Teksi ikishaingia foleni ya kwenda stendi kuu, hutoki upesi. Niliomba mtu yeyote ashuke pale. Mtu mmoja tu.

Foleni ikafunguka ghafla na dereva akakanyaga mafuta. Njia yangu ile inakuja. Hakuna aliyesema.

"Maaso awo," nikasema. Ilitoka kama pumzi. Mama wa samaki peke yake ndiye aliyegeuka.

Nikaiona kona inafika, inaanza kupita.

"Simama! Simama hapo!"

Sijui ile sauti ilitoka wapi, tena kwa Kiswahili. Teksi ilifunga breki mpaka ndoo ikanigonga goti. Abiria wa mbele alikuwa anavuta mkanda haraka haraka, na dereva alikwisha kunyoosha mkono juu kutafuta leseni yake. Konda akageuka polepole, uso umemkauka, akawa anamtafuta mwenye sauti. Akaniona.

"Ni huyu?" akasema. "Afande ni huyu?"

Gari zima likaangua kicheko. Dereva alirudisha leseni yake akitikisa kichwa.

"Mpisheni afande," alisema mama wa samaki, akiinua ndoo nipite. "Kabla hajatuweka ndani sote."

Nililipa nikiwa nimeinamisha macho, masikio yanawaka, nikaanza kukimbia. Nilipanda Mengo nikikatikiwa pumzi, nikateremka, nikapanda tena, mpaka nikauona mnara wa msikiti juu ya mapaa na kuta za shule chini yake.

Geti lilikuwa wazi. Askari alikuwa amegeukia gari linalotoka. Mdogo wangu alikuwa nje, ukingoni mwa barabara, upande wa pili. Aliniona. Akatabasamu, akaweka mguu mmoja kwenye lami, bila kuangalia kushoto wala kulia, na pikipiki inateremka.

"Simama!"

Akasimama. Mwenye pikipiki naye akasimama, akanitazama, akauliza kosa lake ni nini. Nilivuka nikamshika mdogo wangu mkono.

"Kwa nini unanigombeza?" akaniuliza, mdomo umeanza kupinda. "Hata Mama hanigombezi hivyo."

"Mama ameshapanda ndege," nikasema.

Alifikiria hilo kidogo. Kisha akanipa mkoba wake niubebe, kama anavyompa Mama kila siku.