Hofu ya Kokulinda Katika Chumba cha Barafu

Kokulinda, binti wa Kihaya aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, alipata kazi Mwanza mwaka 1996, wakati viwanda vya minofu ya sangara vikichipuka ufukweni. Kiwandani alitunza kompyuta iliyoendesha mizani, pamoja na vipimo vya amonia, gesi inayogandisha vyumba vya barafu. Programu hizo mbili zilitumia sehemu moja ya kumbukumbu ya mashine. Kiini cha mfumo, yaani programu kuu inayoongoza mashine nzima, ndicho kilichoamua nani asome humo na nani aandike, na fundi aliyemtangulia aliruhusu kila programu iandike popote, kazi iende haraka.

Asubuhi moja kipimo cha gesi cha chumba cha pili cha barafu kilisoma sifuri. Mara kikasoma arobaini na mbili, kisha sifuri tena. Akatupia jicho mizani: kilo arobaini na mbili, halafu ikabaki tupu. Akaelewa. Mizani ilikuwa inaandika juu ya kipimo cha gesi! Na sifuri hiyo aliiona hata juma lililopita, akaipuuza.

Alikimbia hadi chumba cha pili. Masele, msimamizi wa zamu, alikuwa ndani na wanawake wanne wakipanga maboksi.

"Mzee Masele, tokeni! Wote!"

"Mbona king'ora cha gesi hakijalia, binti?"

"Hakiwezi kulia! Tokeni, nawaomba!"

Walitoka wakikohoa. Sabina, mmoja wa wanawake hao, aliyekuwa nyuma kabisa, alianguka mlangoni wakamburuta nje. Mafundi walikuta bomba limepasuka, wakafunga gesi.

Kokulinda alitaka kuizima kompyuta ili abadili kanuni za kuandika, lakini meneja, Bwana Chenge, hakukubali. Ndege ya mizigo ilikuwa inasubiri minofu.

"Isipowaka tena je?" aliuliza.

Hilo ndilo lililomtisha Kokulinda pia. Kubadili kanuni kulitaka kiini kijengwe upya, na kosa la herufi moja lingetosha kuiua mashine.

"Isipowaka, nifukuzeni," alisema. "Lakini mle haingii mtu."

Aliandika kanuni mpya: programu zote zisome, ila kila moja iandike kwenye eneo lake tu. Akazima, akawasha. Kioo cha kompyuta kilikaa cheusi kwa muda mrefu. Ndipo maandishi yakaanza kupanda, na king'ora kikalia kwa gesi iliyobaki.

Sabina alilazwa siku nane. Alipona, akarudi kwao Buhongwa, na kiwandani hakukanyaga tena. Kokulinda alifanya kazi pale miaka saba zaidi, na kila alipoiwasha ile mashine alikitazama kwanza kipimo cha gesi.