Sikio la Dume wa Idi

Nilisikia kikohozi cha Mzee Faki nje ya banda kabla sijamwona. Alikuja kutazama dume wangu wa kwanza kunona, amnunue amchinje Idi Kubwa. Mwaka mzima nilikuwa nikiwakatia majani madume watatu kwa kuingojea siku hiyo.

“Mashaallah, kanona!” alisema akimpapasa mgongo. “Na sikio hili je, kaumwa na mbwa?”

“Hasha, mzee,” nikajibu kwa majivuno. “Nimelikata mwenyewe nusu, liwe alama, asichanganyike na ng'ombe wa watu.”

Akanitazama kwa huruma. “Mwanangu, wa kuchinja Idi hatakiwi kilema. Hukufundishwa chuoni, kwenye Kurani? Haya, nioneshe wale wawili.”

Wale wawili wakageuza vichwa wenyewe, kila mmoja na nusu sikio lake.

Mzee akatoka, akaurudishia mlango polepole.