Chapati za Mama Kwenye Kongamano la Udukuzi

Hili ni la aibu, na afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa mama, maana yeye kila akilisimulia hulitia chumvi, na lenyewe wala halihitaji chumvi.

Mimi nafundisha usalama wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Maskati, na pamoja na kufundisha nina kazi nyingine niliyopewa kwa ajili ya ubishi wangu tu: mwalimu akitaka kupandishwa cheo akaleta makala aliyoipeleka kwenye kongamano, mimi ndiye ninayeulizwa kama kongamano lile ni la maana, au ni la wale wanaokodi ukumbi wa hoteli, wakachukua ada za watu, na kila makala ikapita hata ingekuwa tangazo la gari. (Yapo mengi, tena mialiko yao ni mizuri kuliko ya makongamano ya kweli, huanza kwa kukusifu.) Kazi hiyo niliipenda. Ukipewa ungo wa kuwapepeta wenzio unajiona kidogo, sikatai.

Basi Nasra, mwalimu mwenzangu, binti wa shoga yake mama tangu walipokuwa Unguja, akaleta kongamano jipya la mambo ya udukuzi, linafanyika hapa hapa mjini. Cheo chake kilikuwa kimeshakwama mara moja kwa upungufu wa makala, na safari hii ilibaki hii moja tu: ikihesabiwa anapanda, isipohesabiwa anarudi nyuma ya foleni. Mimi nikafungua tovuti yao, nikaona picha ya bwawa la kuogelea la hoteli ni kubwa kuliko majina ya wapitiaji wa makala, nikasema hili bovu. Mkuu wa kitivo, mtu wa maneno machache, akaniuliza, "Umejuaje?" Nikamwambia nitamletea ushahidi.

Ushahidi ningeupata wapi? Nikaamua kuwapelekea makala ya upuuzi, wakiipokea basi wamejifichua wenyewe. Na Ijumaa ile tulikuwa kwa mama, mtaa wa Mabela, naye anamfundisha mke wangu kupika chapati kwa mara ya sijui ngapi, nami nimekaa na kompyuta pembeni, nikaanza kuyaandika maneno yake kwa Kiingereza, kama yalivyo, ila penye unga nikatia data, penye samli nikatia nywila, na chuma cha kuchomea nikakiita seva. Ikatoka makala ya kulinda mitandao kwa tabaka: kanda data kwa maji ya uvuguvugu, ifunike ipumzike, ipake nywila, ikunje, isukume, itupe kwenye seva yenye moto wa wastani. (Kusema kweli nimesoma makala mbovu kuliko ile.)

Ikabaki jina la mwandishi. Langu lisingefaa, na mama alikuwa mbele yangu, nikaandika Daktari Zuleikha binti Khamis, wa chuo kikuu cha Mabela, ambacho hakipo. Nikafungua na anwani mpya ya barua pepe, nikaitilia nywila madhubuti kama ninavyowafundisha wanafunzi, ndefu, haina maana, haijaandikwa popote, na ilikuwa madhubuti kweli, maana hata mimi mwenyewe sikuweza kuingia tena. Majibu yao yakaja huko, sikuyaona, nikaamini tu wameipokea.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikamwambia mkuu twende pamoja siku ya ufunguzi, akaione makala ya chapati kwenye ratiba kwa macho yake.

Jambo nililolisahau ni kwamba kwetu mtoto hasimami mbele za watu peke yake kama yatima. Nasra anasoma makala, kwa hiyo watu wake wote wamekuja, safu nzima ya mbele ni mabaibui, harufu ya udi mpaka mlangoni, chupa za kahawa chini ya viti, na katikati yao mama yangu. Akaniona.

"Na wewe umekuja kumsikiliza Nasra? Mwenyezi Mungu akubariki, mwanangu."

Nikasema amin, ningesema nini.

Mwenyekiti akafungua kongamano kwa Kiarabu, akasema watu wengi wanatilia shaka makongamano mapya, kwa hiyo angependa kuonyesha wanavyopima. Walipata makala ya mzaha, wangeweza kuitupa, lakini waliwapa wapitiaji wawili wakaisoma kama nyingine yoyote, nao wakaikataa kwa hoja. Ikatokea kwenye skrini pamoja na hoja zao. Ukumbi ukaanza kucheka, na mkuu akanigeukia polepole, nami nikaitazama taa ya dari kwa makini sana.

"Jina tunalitaja kwa sababu tumelitafuta vyuo vyote hatukulipata," akasema mwenyekiti. "Daktari Zuleikha binti Khamis. Mtu huyu hayupo."

"Nipo!" Mama kasimama. "Zuleikha binti Khamis ni mimi!" Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho, akaingia Kiswahili kwa sauti ile ile: "Salim! Hawa wanasema mimi sipo, nawe umekaa kitako tu?"

Mwenyekiti, mtu wa adabu, akamuuliza kama yeye ndiye mwandishi. Mama akasema yeye hana aliloandika, na kimeandikwa nini hicho kinachochekwa? Ikabidi Nasra, ambaye alikuwa amekwishapanda jukwaani na karatasi zake, amfasirie. Akasoma kukanda, akasoma kufunika, akafika mahali nilipopitiwa nikaiacha samli ikabaki samli. Mama akamkata.

"Hizo chapati zangu! Na maneno hayo niliyasema Ijumaa ile nikimfundisha mkewe, huyo yuko pembeni anabofya kompyuta."

Alinionyesha kwa kidole. Ukumbi mzima ukageuka, na mimi mrefu, sina pa kujificha.

Nasra alielewa kabla ya wote. Hakucheka. Alinitazama akasema taratibu, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, "Kaka Salim, si ungeniuliza tu? Ningekuonyesha walivyonirudishia yangu mara mbili niirekebishe." Kisha akasoma makala yake, na ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko vicheko.

Mkuu akainuka kwenda kunywa kahawa, akanigusa bega. "Ahsante kwa ushahidi," akasema.

Tukirudi nyumbani, tulipofika kwenye foleni ya magari pale Wattaya, mama akauliza, "Walizikatalia nini?" Nikamweleza kuwa wapitiaji walisema hatua zimeelezwa vizuri ila matokeo hayaonekani. Akatazama nje. "Matokeo si umekula wewe," akasema.

Nasra alipanda cheo. Siku hizi nikiulizwa kongamano fulani likoje, nasoma makala za kongamano lenyewe kwanza, na picha ya bwawa siiangalii, na jina la mzazi wangu nimeapa halitatoka tena kwenye vidole vyangu.

Kwenye sherehe ya Nasra mama alipika mwenyewe, akapita na sinia mtu kwa mtu. Alipofika kwangu nikanyoosha mkono. Akalivuta sinia.

"Hizi zimekataliwa, mwanangu," akasema, akampa aliyekaa baada yangu.