Sori ya Msibani Nambambo

Nikisema nacheka ninapokumbuka nitakuwa nawadanganya, maana mpaka leo nikipita Nambambo navuta kofia ifunike macho, na Nambambo ndiko nilikooa.

Baba mkwe alikuwa mlinzi wa Pita, mzungu mmoja aliyekuja kuchimba visima, na wale watu walipendana (walikuwa wanabangua korosho pamoja barazani, hakuna anayeelewa lugha ya mwenzake). Asubuhi moja mzee hakuamka. Tukakusanyika, maziko yakapangwa baada ya adhuhuri, Pita naye akaja, akasimama mbele za watu macho mekundu, akaanza kusema Kiingereza. Shemeji yangu Hamisi, mtoto mkubwa wa marehemu, akauliza nani atatafsiri. Mwalimu wa Kiingereza alikuwepo, mtu wa Bukoba, katulia zake kwenye mkeka, lakini mimi (niliyebeba mizigo ya watalii Dar nikarudi najiita msomi) nikaruka kama nimetajwa jina, nataka wakwe wanione.

"Aim sori," Pita akasema. "Aim so sori."

Sori naijua, nani asiyeijua, ukimkanyaga mtu kwenye basi si unasema sori? Nikapaza sauti: "Anaomba msamaha. Anaomba msamaha sana."

Hamisi akanyanyuka. "Msamaha wa nini? Kamfanya nini baba?"

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikamgeukia Pita nikamuuliza, naye akajibu huku analia kwamba alimsikia mzee akikohoa na anajuta hakumpeleka hospitali, nami nikatangaza: "Anasema alijua mzee anaumwa, hakumpeleka!"

Basi. Vijana wakamkaba shati, mwenyekiti wa kijiji akaita polisi kabla hawajamuumiza, polisi nao wakasema kama kuna shutuma maiti isizikwe, iende Nachingwea daktari aione. Baba mkwe, mtu wa swala tano, akalala mochwari kwa ajili ya mdomo wangu. Daktari akasema ni moyo tu. Tukamzika kesho yake bila Pita, aliyekuwa keshahamia Ruangwa, na kisima cha kijiji alichokuwa anachimba kimebaki bomba lililozibwa kwa gunia.

Mwalimu ndiye aliyenieleza, tena kwa upole ulionichoma zaidi: sori asili yake ni neno la kale la Waingereza la maumivu, la kidonda. Anayesema sori anasema nimeumia, ndiyo maana kwenye basi ni samahani na msibani ni pole, na wakati mwingine ni kitu duni cha kutia huruma. (Hiyo ya mwisho ni mimi.)

Hamisi haniiti shemeji tena. Kutafsiri nimeapa sirudii, hata mzungu akiuliza choo kiko wapi namwonyesha kwa kidole.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyekuja kuniuliza, eda ilipokwisha: "Mwanangu, kwani yule mzungu alisema nini?"

"Alisema pole, mama."

"Basi na sisi hatukumwitikia," akasema, akaingia ndani.