Abiba na Mahali Alipoangukia Umuro

Siku mumewe Umuro aliporudishwa nyumbani, Abiba alikuwa akikaanga mahamri. Gari la serikali lilisimama mbele ya kibanda chake cha chai pale Chechelesi, mjini Isiolo, wakashuka askari watatu wa wanyamapori, na hakuna hata mmoja wao aliyemtazama usoni. Alijua kabla hawajafungua mdomo. Aliinua sufuria ya mafuta akaiweka chini mbali na moto, polepole, kisha akaketi mchangani.

Walikuwa wamemleta amefungwa ndani ya turubai. Wanaume wa msikiti walimchukua wakamwosha, naye hakuruhusiwa kumwona. Alimzika kwa masikio tu: aliwasikia waoshaji wakinong'ona uani kuhusu tundu la risasi tumboni, na kuhusu mkono wa kulia, kwamba ulikuwa hauna vidole. Kabla jua halijapinduka Umuro alikuwa ardhini, na watu wakala, wakaomba dua, wakaenda zao.

"Alifia wapi?" Abiba alimwuliza yule askari mkubwa alipokuja kuaga.

"Juu, mama. Mlimani." Akaelekeza kidole kusini, ambako Mlima Kenya ulikuwa umeshajifunika mawingu.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nane. Abiba alikuwa mtu wa Kinna kwa kuzaliwa, mtoto wa mfugaji ambaye vita vya miaka ya sitini vilimwacha bila hata mbuzi wa kuchinjia mgeni. Alikuja Isiolo msichana, akauza maziwa, akaolewa na Umuro, mwanamume mrefu mwenye maneno machache aliyefanya kazi katika mbuga ya mlimani na kurudi nyumbani kwa likizo nguo zikinuka moshi na ukungu. Walizaa binti mmoja, Umulkheir. Kila alipokuwa nyumbani Umuro alikuwa akisema atawapeleka siku moja wakayashike maji yaliyolala juu ya ule mlima. Barafu ndiyo aliyoiita hivyo. Abiba alikuwa akicheka, akimwambia maji ya kisima yanamtosha.

Alikaa eda. Alipoimaliza, Duba alikuja.

Duba alikuwa kaka mkubwa wa Umuro, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa kwenda Oldonyiro akarudi na vumbi hadi kwenye kope. Aliketi kibandani, akanywa chai bila kushukuru, akasema, "Shemeji, mila unaijua. Mke wa ndugu yangu hawezi kukaa nje kama mbwa wa soko. Utakuja boma kwangu. Hii kibanda tutaangalia nani ataendesha."

"Kwanza nataka kuona mahali alianguka," Abiba alijibu.

"Kuona nini? Kaburi iko hapa."

"Kaburi ni ya mwili. Mimi nataka mahali roho ilitokea."

Duba alidhani ni uchungu wa mjane, akamwachia. Lakini Abiba alikuwa ameshaanza mipango. Alikuwapo askari mmoja aitwaye Kiugu, Mmeru wa upande wa Timau, aliyefanya kazi pamoja na Umuro na ambaye kila akishuka Isiolo alikuwa akipita kunywa chai. Siku moja kibanda kikiwa kitupu, Abiba alimzuia asiinuke.

"Niambie yote," alisema. "Usinifichie kama mtoto."

Kiugu alizungusha kikombe mkononi. Kisha akamwambia. Walikuwa wakifuata nyayo za majangili ndani ya mianzi, yeye na Umuro, wakamkuta kifaru jike ameangushwa, uso mzima umekatwa kwa panga ili pembe itoke, na bado alikuwa anapumua. Povu jekundu lilikuwa likitoka pale pua ilipokuwa. Umuro alimtuma Kiugu ateremke langoni akaite wenzao. Alipofika mbali kidogo alisikia risasi moja, akajua Umuro amemmaliza yule mnyama kwa huruma. Na ile huruma ndiyo iliyomwuza. Majangili hawakuwa mbali. Walirudi.

"Tulimkuta jioni," Kiugu alisema. "Walikuwa wanataka bunduki. Hakuachilia hata akiwa amekufa, mama. Ndiyo walikata vidole."

Abiba hakulia. Aliuliza, "Huko mahali, unaweza kunipeleka?"

"Huko ni mbuga. Mtu huingia kwa ruhusa kama mgeni. Nitakuombea. Lakini tungoje Januari, wakati mvua hakuna. Na utahitaji viatu, na nguo ya baridi. Baridi ya huko haijui mtu."

Basi ikawa hivyo. Jirani yake Wangui, mwenye duka la mboga na sukari, ndiye aliyemtafutia vifaa. Wangui alikuwa ametoka Nyeri, na baba yake aliingia msitu wa mlima ule ule wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, hakutoka tena. Alimletea Abiba gambuti, viatu virefu vya mpira vya marehemu mume wake yeye Wangui, na sweta mbili nzito.

"Hiyo mlima hata sisi imekula watu wetu," Wangui alisema akimpimisha gambuti. "Jaza matambara hapa mbele. Mguu ikicheza ndani utatoka malengelenge. Na Umulkheir atalala kwangu, usiwe na wasiwasi."

Walipanga kama watu wanaopanga harusi. Walikausha nyama, wakakata vipande vidogo, wakaikaanga kwenye samli ikae bila kuharibika. Abiba alijizoeza kutembea na zile gambuti jioni, akienda hadi mtoni na kurudi, na watoto wa mtaa wakimfuata wakicheka.

Kicheko kile ndicho kilichomfikia Duba.

Alikuja asubuhi, kibanda kimejaa wachunga ng'ombe na makarani. Hakusalimu. Aliuliza, "Ni kweli unaenda msituni na Mmeru?"

"Naenda kumwombea mume wangu dua. Kiugu anajua njia."

Fimbo ya Duba ilimpata begani kabla hajamaliza kusema. Ya pili ikampata mkononi, na watu wote mle ndani wakasikia mfupa ukivunjika. Duba alimshika buibui akamburuta kutoka nyuma ya meza, vikombe vikaanguka vikavunjika, na akawa anampiga huku akisema maneno ambayo mtu hasemi hata kwa punda. Wateja walisimama ukutani. Wengine walisema, "Mzee, imetosha," kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika. Abiba alitambaa hadi jikoni. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia, lakini wa kulia ulikuwa mzima, na birika lilikuwa linachemka.

Alimmwagia lote. Lilimpata Duba shingoni na kifuani, na mlio aliotoa uliwafanya ng'ombe waliofungwa nje wakate kamba. Alianguka akiichanachana kanzu, na ngozi ikaja na kanzu. Abiba alisimama juu yake ameshika birika tupu.

"Ukiinuka nitakupiga na hii chuma," alimwambia. Duba hakuinuka.

Shauri lilipelekwa kwa wazee. Wengine walitaka Abiba afukuzwe katika ukoo. Lakini sheikh wa msikiti aliwakumbusha kwamba mjane hachukuliwi kwa nguvu kama mtamba, na wachunga ng'ombe walieleza nani aliyeanza. Wakaamua Duba asikanyage kibanda kile tena. Mmoja wa wazee alimwuliza Abiba kama bado ana nia ya kwenda mlimani baada ya aibu yote hiyo.

"Nangoja mkono ishike," alisema.

Mkono ulichelewa, Januari ikapita. Akaenda Januari iliyofuata, mwaka wa themanini, mkono umeunga kwa kupinda kidogo.

Kiugu alikuja na askari mwingine, Mturkana aitwaye Ekai, kijana mcheshi ambaye njia nzima alimtania Abiba kuhusu gambuti zake. Walipanda kwa gari hadi langoni, kisha wakatembea. Abiba hakuwahi kuona miti mikubwa namna ile, yenye ndevu za kijivu, wala kukanyaga ardhi isiyotoa sauti. Walipofika kwenye mianzi mwanga ulipungua ukawa wa kijani. Ekai aliacha mzaha. Wote wawili walishika bunduki mikononi.

"Ni hapa," Kiugu alisema.

Palikuwa na uwazi mdogo. Mifupa ya kifaru ilikuwa imetapakaa, imeota kuvu. Kiugu alimwonyesha shina la mwanzi lililovunjika, na chini yake majani tu. Abiba alivua gambuti, akasimama miguu mitupu kwenye ile baridi, akainua mikono akasoma Fatiha. Alikuwa amengoja muda mrefu sana na alidhani atahisi kitu. Alihisi baridi.

Hakuwa amemaliza kupangusa uso aliposikia mlio, na Ekai akaketi chini kama mtu aliyechoka. Risasi ilikuwa imeingia shingoni. Alijaribu kuziba kwa kiganja, damu ikapita kati ya vidole, akamtazama Abiba kwa mshangao, akalala ubavu.

"Lala chini," Kiugu alisema, na tayari alikuwa anapiga risasi.

Abiba alilala uso kwenye majani. Mianzi ilikuwa inapasuka juu ya kichwa chake, vipande vikimwangukia mgongoni. Alisikia watu wakipiga kelele, akasikia mmoja akilia, akasikia miguu ikikimbia kuteremka. Kisha Kiugu akapita akikimbia kuwafuata, na milio ikaenda mbali.

Alipoinua kichwa, mtu alikuwa anakuja kwake akitambaa. Kijana, shati limeloa damu tumboni, bunduki akiiburuta kwa mkanda.

"Bisaan," alisema. Maji. Alisema kwa Kiborana, lugha ya mama yake Abiba.

Abiba alimtazama. Angeweza kukimbia. "Wewe ni wa nani?" alimwuliza kwa lugha hiyo hiyo, maana ndivyo mtu wa kwao anavyouliza hata kama nyumba inaungua.

"Yattani. Mama yangu ni Kabale, wa Kinna. Nipe maji."

"Ni nyinyi mlimwua Umuro hapa?"

"Simjui Umuro." Alifumba macho. "Nimekuja mara hii tu."

Abiba hakujua kama ni uongo. Alifungua chupa yake akaishika midomoni mwa yule kijana, akamwinua kichwa kwa ule mkono uliopinda. Alikunywa kwa pupa, maji yakimtoka pembeni mwa mdomo. Alikuwa bado ananywa macho yake yalipogeukia kando. Kiugu alikuwa amerudi, yuko ukingoni mwa uwazi, amewapa mgongo, ameinama juu ya Ekai.

Yattani aliivuta bunduki taratibu hadi ikakaa kwenye goti. Abiba alisema, "Acha." Alisema tena. Kidole chake kiliingia kwenye kifyatulio.

Jiwe lilikuwa karibu na goti la Abiba. Alimpiga kwalo juu ya sikio, akasikia mfupa ukivunjika, na bunduki ikalia hewani. Akampiga tena. Kiugu alipomfikia akamshika mikono, alikuwa bado anapiga, na hakukuwa na haja.

Kiugu aliita wenzake, wakateremsha miili miwili. Aliwaambia wakubwa zake risasi ya tumbo ndiyo iliyomwua yule jangili, na labda ni kweli. Abiba aliosha mikono kwenye kijito kilichotoka juu kwenye barafu, hadi akaacha kuihisi. Mbele hakuenda. Hakutaka tena kuishika barafu yenyewe.

Nyumbani hakula. Wangui alimpikia uji akamlisha kama mgonjwa, na hakumwuliza neno. Wiki iliyofuata Abiba alipanda lori la kwenda Kinna, akauliza nyumba ya Kabale.

Alimkuta mwanamke wa umri wake, anafunga kamba za kitanda. Alikuwa ameshaambiwa mwanawe amekufa; jinsi gani, hakuna aliyemwambia. Walisalimiana salaam aleikum, wakaulizana amani ya watu na ya mifugo. Kisha Abiba akasimama, maana hakutaka kulisema jambo lile akiwa amekaa kwenye ngozi ya mwenyeji.

"Mwanao aliomba maji nikampa," alisema. "Halafu akataka kuua mtu aliyenileta. Mimi ndiye nilimpiga na jiwe. Askari wamesema ni risasi. Mimi nimekuja kukuambia vile najua."

Kabale aliokota mti wa kukazia zile kamba. Pigo la kwanza lilimpasua Abiba juu ya jicho. Alianguka, na Kabale akampiga mgongoni, mabegani, kwenye ule mkono, akimpiga bila kusema chochote, pumzi yake tu ikisikika. Majirani walikuja mbio. Abiba aliinua kiganja kuwazuia. Yeye aliyemchoma Duba mbele ya mji mzima hakunyanyua mkono kujikinga.

Kabale alichoka. Aliuangusha mti akaketi palepale kwenye vumbi.

"Maji," alisema. "Aliyanywa?"

"Aliyanywa. Karibu chupa nzima."

Kabale alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayesikiliza mtu mwingine. "Sasa nenda," alisema. "Usirudi hapa."

Abiba hakurudi Kinna, wala mlimani hakukanyaga tena. Aliendelea kuuza chai Chechelesi miaka yote ile ya themanini, akapitia ukame na wateja wakipungua, akamwoza Umulkheir kwa fundi wa magari mpole. Yeye na Duba walikutana sokoni mara kwa mara, kola ya kanzu yake imefungwa hadi juu, nao wakapishana. Kovu la juu ya jicho halikutoka. Mgeni akiliulizia, Abiba alikuwa akisema amelipata Kinna, kisha anamwuliza kama chai aongeze sukari.