Amondi na Nyang'au wa Mama Lin

Amondi wa Gatina hakuwa mtu wa kutukanwa akanyamaza. Kule Kianda alikuwa akipika chapati kwa Saadia, mpaka mteja mmoja aliposema ni ngumu kama soli ya kiatu. Alimbandika moja ya moto shavuni, akavua aproni, akaenda zake. Kazi nyingine mbili ziliishia hivyo hivyo. Kwa hiyo mwaka wa tisini na tano, alipopata kazi ya jikoni kwa Mchina, mumewe Osewe alimwambia wazi kwamba hii nayo ikimshinda, ni kurudi Siaya kulima.

Na kazi yenyewe aliipenda, jamani! Mwenye hoteli, Mama Lin, ajuza mfupi wa Kiswahili cha maneno ishirini, alimfundisha kukata kitunguu kikawa kama uzi. Hawakuwahi kukosana.

Ikaja Februari ya mwaka uliofuata. Mbele ya wapishi wote, Mama Lin akamnyooshea kidole, tena akitabasamu. "Amondi. Kesho. Nyang'au."

Lo! Nyang'au, yeye, mama wa watoto watatu? Akatoka bila kuaga, akisonya njia nzima hadi kwake Gatina, huko Kawangware. Kufika mlangoni ndipo akili ilipomrudia. Sasa amwambie nini Osewe?

Alikuwa hajamwambia kitu, asubuhi yake, aliposikia kelele nje. Ni Mama Lin, matope hadi magotini, kaelekezwa na Naftaly muosha vyombo, anaita ploti nzima isikie, "Amondi! Nyang'au!" Majirani hoi kwa kicheko. Amondi akatoka na mwiko mkononi.

Mama Lin akafunua kitambaa. Kwenye sahani palikuwa na keki ya kahawia inayong'aa, ya mchele unaonata na sukari nguru. Akaigusa kwa kidole. "Nyang'au," akasema polepole. "Mwaka mpya, Wachina kula nyang'au."

Kumbe chakula! Amondi alicheka mpaka akakaa chini, na aibu ikamjaa vilevile. Akala kipande, kikamganda meno. Alipoweza kusema akamuuliza mbona kubeba sikukuu yake mpaka huku, asile na watu wake nyumbani.

Mama Lin akainama. "Nyumbani mtu hakuna."

Amondi akajifuta macho kwa leso, akamvutia kiti. "Kaa, mama. Kazini tutaenda pamoja kesho. Leo hapa ni kwenu."